Uzi wa Juu

Machi 4

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika ndugu zangu watatu. Nimewaona wakubwa wanne wa gereji wakiingia na kutoka, na malori niliyoyafufua kwa mikono hii yote yameshakuwa vyuma chakavu, mimi bado natembea. Daktari mmoja aliwahi kuniambia mapafu yangu hayafiki mbali. Yeye ndiye hakufika.

Naandika kwa sababu muuguzi amesema niandike. Huyu dada anakuja kila Jumanne kwa miguu kutoka zahanati kumwangalia mke wangu. "Babu," amesema, "andika amekula nini, amelalaje, amelia mara ngapi." Shule nilikaa miaka mitatu tu, lakini gereji nimeandika daftari la magari miaka thelathini na moja. Tarehe, ugonjwa wa gari, kilichofanyika. Basi nitaandika hivyo hivyo.

Ugonjwa: mwezi wa kwanza mke wangu alianguka jikoni. Upande wa kulia umelala wote, mkono na mguu, na maneno yamekwenda nao. Kichwa kizima. Macho yananifuata.

Kilichofanyika: uji, kikombe kimoja. Amelia mara moja, kwenye kuvaa.

Machi 5

Uji. Amelia kwenye kuvaa.

Machi 6

Kama jana. Mvua ya kwanza, ndogo.

Machi 7

Binti yangu alikuja kabla daraja la chini halijafunikwa na maji. Akamvalisha mama yake mwenyewe ili aone. Gauni zote za mke wangu zina mikono ya kubana, alizishona kwa mwili uliokuwa ukijipinda. Mkono wa kulia sasa haujipindi. Ukiusukuma ndani ya nguo bega linavutika, na mama watoto analia bila sauti. Mdomo unafunguka, machozi yanashuka. Binti yangu naye akalia, akakaa kitandani na gauni mapajani.

"Baba, hivi ndivyo kila siku?"

"Kila siku. Hafi."

"Muuguzi kasema ashonewe gauni la kufunguka begani, la kufunga kwa kamba. Mpelekee Tepe, ni siku moja tu."

Tepe ni fundi cherehani wa pale kona. Tunamwita hivyo kwa sababu tepe ya kupimia haimtoki shingoni, hata msibani. Nikamwambia binti yangu, ndani mna cherehani, ndani mna mimi. Fundi wa tatu wa nini?

"Hujawahi kuigusa hiyo cherehani, Baba."

"Hata lori la magurudumu kumi kuna siku nilikuwa sijaligusa."

Akasimama. Akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Maji yakipungua nakuja na gari. Nikikuta bado analia akivalishwa, nakwenda naye kwangu. Na wewe ukitaka uje."

Nikamwambia silali chini ya dari la mkwe. Na yeye akija atakuta mama yake amevaa.

Machi 9

Nimefunua cherehani. Nyeusi, ya gurudumu la mkono. Miaka arobaini na tisa imekaa dirishani chumba cha mbele na sijawahi kuiangalia kwa chini. Ni mashine ndogo. Gia mbili tatu, mkono mmoja unaopanda na kushuka. Nimecheka peke yangu.

Machi 10

Kazi imeanza. Gereji nilifundisha watu sheria moja: kabla hujatia mkono popote, gari lifungwe. Breki juu, mawe kwenye matairi. Cherehani nayo ina kimguu cha chuma kinachobana kitambaa, kina kijiti cha kukipandisha na kukishusha nyuma. Nikakishusha, kikabana, mashine imefungwa. Ndipo nikatunga uzi, kutoka juu nikipita kila tundu na kila ndoana niliyoiona, hadi tundu la sindano. Hilo la sindano peke yake limenichukua tangu chai hadi adhuhuri. Macho ninayo, vidole ndivyo vinene.

Nimezungusha gurudumu. Mishono sita imekwenda, kisha ikakwama. Nimegeuza kitambaa: chini yake kuna kiota. Uzi umejikusanya kama nywele kwenye bomba la maji.

Ugonjwa: uko chini.

Machi 11

Muuguzi amekuja. Nimefungua chini yote, nimetoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kisanduku chake, nimefuta vumbi la miaka, nimetia mafuta. Kiota.

Machi 12

Mvua. Kiota.

Machi 13

Mafuta niliyotia ni ya injini, ndiyo niliyokuwa nayo. Kitambaa kimetoka na doa jeusi. Kiota.

Machi 15

Nimefungua milango yote miwili katikati ili mke wangu anione nikifanya kazi. Kutoka kitandani anaona cherehani moja kwa moja. Nilipoanza kutunga uzi akainua mkono wa kushoto, kiganja juu, akaushusha, akauinua tena. Nikaenda nikamwinua kwenye mto. Akatikisa kichwa. Nikaongeza mto wa pili. Akafumba macho.

Amelia mara mbili leo. Mara moja kwenye kuvaa, mara moja sijui kwa nini.

Machi 19

Nilipita kwa Tepe na kipande cha kitambaa mfukoni. Sikwenda kuomba msaada, nilikwenda kununua uzi, maana wa nyumbani nimeumaliza kwenye viota. Pale nje kuna benchi na wanaume watatu wasio na kazi wamejikinga mvua. Tepe akaona kitambaa kikichungulia, akakivuta, akakigeuza.

"Mzee Spana, uzi wako wa juu haujabanwa."

"Kiota kiko chini."

"Kiota kiko chini, ugonjwa uko juu. Uzi wa juu haujakaa kwenye visahani vya kuubana. Leta mashine nikuonyeshe, au leta kitambaa nishone sasa hivi, mama asiendelee kuteseka."

"Kijana," nikamwambia, na ana miaka hamsini na zaidi, "mafuta yakivuja chini ya gari, wewe utapanda juu ya paa?"

Wale wa benchini wakacheka. Nilifurahi walivyocheka. Nimeandika hili kwa sababu nimesema nitaandika kila kitu.

Machi 20

Nimefungua chini tena. Hakuna kibovu.

Machi 22

Binti yangu amepiga simu. Daraja limefunikwa kabisa. Akauliza, "Gauni?" Nikasema linaendelea.

Machi 25

Muuguzi ameuliza kwa nini nisishone kwa mkono. Nimejaribu mbele yake. Sindano imeniponyoka mara nne. Akaokota, akanirudishia kila mara. Ni dada mwenye adabu.

Machi 26

Mvua. Kiota. Mke wangu ameinua mkono, nimemfungulia dirisha. Maji yakaingia, nikafunga.

Machi 30

Anainua mkono kila ninapokaa kwenye cherehani. Nimempa maji, nimemgeuza, nimempelekea kioo. Leo nikamwambia, "Mama watoto, Mungu namjua yuko juu, huna haja ya kunionyesha." Nilidhani atatabasamu na ule upande mzima. Hakutabasamu.

Aprili 2

Kiota.

Aprili 6

Leo naandika mengi.

Jana nilipata akili. Nikachukua gauni lake la maua, nikakata bega la kulia kwa mkasi kutoka shingoni hadi mwisho wa mkono wa nguo. Nikamlaza, nikamvika kama shuka, nikafunga bega kwa pini nne. Hakulia. Mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, hakulia. Nikamwambia unaona, cherehani ya nini. Nikamwimbia hata.

Leo asubuhi nilipomgeuza kumfuta, gauni lilikuwa limemganda mgongoni. Pini moja ilifunguka ikaingia nyuma ya bega. Imekaa humo tangu jana. Upande ule hausikii kitu kidogo, unasikia kuvutwa tu, na hata kama alisikia angeniambiaje? Damu imekauka kama kutu. Nikavuta kitambaa polepole na maji ya uvuguvugu na ngozi ikatoka nacho kidogo.

Nilimwonyesha ile pini. Sijui kwa nini nilimwonyesha. Akaitazama, akanitazama mimi, kisha akageuza uso ukutani, na kugeuza huko kwake ni kazi, anatumia nguvu za mwili mzima. Alikaa hivyo mpaka saa saba.

Nimekaa naye miaka arobaini na tisa. Tumegombana, amewahi kunitupia mwiko, amewahi kwenda kwa dada yake wiki tatu. Ukutani hajawahi kugeuka.

Aprili 7

Nilikwenda kwa Tepe na kitambaa chote kwenye mfuko wa plastiki. Nimekwenda kuomba, naandika ukweli. Nilipofika wale wa benchini wakasogea kunipisha. Mmoja akasema, "Fundi mkuu huyo, kaja kukagua." Tepe hakucheka. Alisimama, akanyoosha mkono aupokee ule mfuko.

"Karibu, Mzee. Umeleta?"

Nikasema napita tu.

Nimerudi nao na mvua. Sijui hii miguu ni ya nani.

Aprili 8

Muuguzi amefunga kidonda. Amenigombeza kwa upole, na upole wake unauma kuliko kelele. Kisha akauliza, "Babu, huwa mnaongeaje naye?"

"Mimi naongea. Yeye anasikia."

"Na yeye akitaka kusema?"

Akakaa kitandani, akashika mkono wa kushoto wa mke wangu. "Bibi, bana vidole vyangu mara moja kama ni ndiyo, mara mbili kama ni hapana. Kidonda kinauma?" Mara moja. "Una njaa?" Mara mbili. Dakika moja tu. Miezi mitatu mkono ule ulikuwepo na sikuwahi kuuliza. Nimeushika kumnawisha, nimeushika kumlisha.

Aprili 9

Nimemuuliza. "Ukiinua mkono unataka mto?" Hapana. "Dirisha?" Hapana. "Maji? Choo? Unaumwa?" Hapana, hapana, hapana. "Unanikasirikia?" Ndiyo.

Nikaacha kuuliza.

Aprili 10

Uji hakula.

Aprili 13

Nimeamka na wazo la kwamba yeye ndiye fundi na mimi ni mimi. Nimebeba cherehani, nzito kuliko ilivyokuwa nilipoinunua, au mimi ndiye mwepesi, nikaiweka kwenye stuli ubavuni mwa kitanda, upande wake wa kushoto. Nikashusha kimguu kama kawaida yangu, nikachukua uzi.

Akainua mkono. Safari hii mkono ulifika. Ulipita juu ya mkono wangu, ukaenda nyuma ya mashine kwenye kile kijiti, na kidole kimoja kikakisukuma juu. Kimguu kikapanda. Kisha akashika uzi akauvuta mbele kwenye vile visahani viwili, na uzi ukateleza katikati ukazama. Kwangu siku zote ulikuwa ukikaa nje, juu ya midomo yao, kwa sababu kimguu kikiwa chini visahani vimefumba. Nilikuwa nikifunga mlango kwanza, halafu nampitisha mgeni.

"Kupandisha," nikasema. "Ulikuwa unasema nipandishe."

Nikampa mkono wangu. Akabana mara moja.

Tangu Machi kumi na tano. Nimehesabu siku: ishirini na tisa. Kila siku ameniambia dawa ya bega lake mwenyewe, nami nikamwongezea mito.

Aprili 14

Naandika hapa kwa yeyote asiyejua, aliyenayo mashine nyumbani na hana wa kumuuliza, au anaye na hamuulizi.

Kimguu kipandishe kwanza. Yasikubane mazoea ya kazi nyingine. Zungusha gurudumu kuja kwako mpaka ule mkono unaopanda na kushuka ufike juu kabisa, usimame hapo. Weka kibiringo cha uzi kwenye msumari wa juu, upitishe uzi kwenye ndoana ya kwanza, ushuke nao mbele na uuzamishe katikati ya visahani viwili, uuvute mpaka uhisi umekamata kiwaya kidogo kilicho pembeni mwa visahani. Panda nao, uupitishe kwenye tundu la mkono. Shuka tena, ndoana iliyo juu ya sindano, halafu sindano yenyewe. Sindano ina mfereji upande mmoja, upapase kwa kidole mpaka uuhisi, uzi uingilie upande huo. Ukiingilia upande wa pili utakatika na utailaumu sindano.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyeniambia, naye kanionyesha jana kwa kidole. Shika mwisho wa uzi kwa mkono wa kushoto, usiuachie, zungusha gurudumu mara moja. Sindano inazama chini na kurudi na uzi wa bobini, kama ndoo imetoka kisimani. Vuta nyuzi zote mbili nyuma. Sasa ndipo uweke kitambaa, na sasa ndipo ushushe kimguu. Jaribu kuvuta uzi wa juu. Ukigoma, umepatia.

Nimefanya hivyo mara kumi mbele yake. Nikikosea anainua kidole kimoja. Nilikosea mara saba.

Aprili 17

Mshono mmoja, urefu wa dhiraa, kama barabara ya lami. Nimemwekea mkononi, akaupapasa kwa kidole gumba huku na huku.

Aprili 20

Gauni la kwanza. Bega moja limepanda kuliko jingine. Limefunguka, limefungwa kwa kamba tatu. Hakulia.

Aprili 21

Hakulia.

Aprili 22

Hakulia. Muuguzi amegeuza gauni ndani nje, akatazama mishono, akasema, "Nani kashona?" Nikamwambia aulize mjini fundi ni nani.

Aprili 28

Gauni la pili. Nilimpelekea Tepe akalione. Akaliangalia muda mrefu, akasema, "Uzi wa juu umekaa, Mzee." Nikasema umekaa. Kuna neno jingine nilipaswa kuongeza. Nimerudi nalo nyumbani.

Mei 3

Mvua inapungua. Gauni la tatu. Namuuliza mambo mengi sasa, kutwa nzima mkono uko mkononi. Unakumbuka nyumba ya kwanza? Ndiyo. Nilikuwa mlevi sana siku zile? Ndiyo. Ulitaka kurudi kweli ulipokwenda kwa dada yako? Hakubana kitu. Nikauliza tena. Hakubana.

Mei 7

Daraja limeonekana. Hakulia. Nimepiga simu mimi mwenyewe: njoo uone.

Mei 11

Binti yangu amefika na gari. Nilimkalisha kwenye kiti kama mteja, nikamvalisha mama yake mbele yake. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dakika mbili. Macho makavu. Nikageuka nikasema, "Haya. Sema sasa."

Akaja akanikumbatia. Akasema, "Baba, umefanya kazi kubwa." Halafu akasema kule kwake kuna mama mmoja, kazi yake ni kufundisha waliopooza kusema tena, neno moja moja, na ameshaongea naye. Lakini ahadi ni ahadi. Mama akitaka kubaki, atabaki.

"Atabaki. Muulize mwenyewe," nikasema. "Lakini mkono nitashika mimi, ndio nimeuzoea."

Binti yangu akapiga magoti. "Mama. Unataka kubaki hapa na Baba?"

Mara mbili.

Nikasema hajasikia vizuri, gari lilikuwa likipita. Nikauliza mimi, taratibu. "Mama watoto. Unataka kwenda?"

Mara moja.

Nikasema vidole vina uchovu asubuhi. Nikauliza kwa upande mwingine, kama unavyopima betri kwa kugeuza waya. "Nikikaa kimya, nikikusikiliza kila siku kama mwezi huu, utabaki?"

Alinitazama. Hakuwa na hasira, hasira ningeijua. Akabana mara ya kwanza, nikasubiri, nikaomba isije ya pili. Ikaja.

"Baba," binti yangu akasema, "amejibu."

"Njoo na wewe," akasema tena baadaye, nikiwa nakunja gauni. Nikamwambia nilishasema kuhusu dari la mkwe. Nilijisikia nikisema hivyo. Ilikuwa sauti ile ile ya benchini kwa Tepe.

Mei 12

Nimemvalisha mimi. Lile la tatu, ndilo mabega yamelingana. Nimembeba hadi garini na jirani kanisaidia miguu. Hakulia. Mimi ndiye.

Mei 13

Muuguzi amekuja kwa mazoea, akakuta kitanda. Amekunywa chai.

Mei 14

Jua.

Mei 16

Jua. Nimetunga uzi, nimeutoa, nimeutunga. Dakika moja na nusu. Hakuna cha kushona.

Mei 20

Binti yangu amepiga simu. Amesema Mama ametamka neno jana. Nikauliza neno gani. Akasema ni neno dogo, "maji", na alipewa. Nikasema vizuri. Akauliza kama nataka kumsikia. Nikasema nina kazi.

Sina kazi.

Daftari limefika mwisho. Asiyeamini kwamba mzee wa gereji ameshona gauni tatu za kufunguka begani, akamuulize muuguzi wa zahanati, amezigeuza ndani nje. Asiyeamini kwamba niliambiwa ugonjwa uko wapi siku kumi na tano baada ya kuanza daftari hili, na nikachekesha watu, akamuulize Tepe pale kona. Kuhusu Mei kumi na moja, binti yangu alikuwepo na ndiye aliyeuliza kwanza. Mke wangu msimsumbue. Yeye ameshajibu mara tatu.